Diski Iliyonikatalia Siku Tatu

Evariste, na ninyi wenzake mliobaki na ufunguo wa sekretaria, mmeniomba niwaandikie miaka yangu ya kazi kabla sijaanza kusahau. Sijaanza. Kulikuwa na siku tatu, mwaka wangu wa mwisho kazini, nilipodhani nimeanza, na nitazieleza bila kuficha. Lakini nitaanza mwanzo, kwa kuwa nilifundishwa na mtu ambaye hakuvumilia karatasi inayoanzia katikati.

Nilizaliwa Magara. Baba yangu alitoka upande wa Uvira akiwa kijana, akawa ananunua ndagala, samaki wadogo wa ziwani, asubuhi ufukweni na kuwauzia wafanyabiashara wa barabarani. Tulihamia Rumonge nikiwa na umri wa kuanza shule, na nilipomaliza masomo niliyoweza kumaliza, mama alinipeleka kwa Mzee Hamisi. Babu yake Mzee Hamisi alitoka Kigoma, naye mwenyewe alikuwa na chumba kimoja karibu na soko, mashine mbili za kuchapa, benchi la wateja na hasira fupi. Mlango ulikuwa na ubao ulioandikwa neno moja tu: Sekretaria. Watu wakija na maneno yao vichwani, sisi tunawatolea karatasi. Barua za kuomba kazi, mapatano ya kuuziana shamba, mialiko ya harusi, ushuhuda wa kupeleka mahakamani.

Siku ya kwanza hakuniuliza kama najua kuandika. Alichukua kipande cha kitenge cha mke wake, akafunga ncha mbili kwenye mashine na ncha mbili shingoni mwangu, mikono yangu ikabaki chini ya kitambaa. Nilionekana kama mtoto anayelishwa uji. Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi walicheka bila aibu. Akaniambia, "Macho iko ya karatasi ya muteja. Mikono itatafuta njia yake yenyewe."

Miezi mitatu niliishi chini ya kitenge kile. Nikikosea herufi, alinyoosha mkono, akatoa karatasi na kuikunja bila kusema neno. Nikipatia, pia hakusema neno. Siku alipokifungua kitambaa nilijaribu kutazama vidole vyangu, nikashindwa kuchapa hata mstari mmoja. Mikono ilikuwa imejua kazi bila mimi, na ikakasirika kuchunguzwa. Tangu hapo sijatazama herufi za mashine, na sitazami hata ninachoandika. Natazama karatasi iliyo kushoto kwangu. Nilijivunia jambo hilo zaidi ya nywele zangu, na wakati ule nywele zangu zilikuwa za kujivunia.

Ninyi wa siku hizi mnaokosea na kufuta, hamtajua karatasi ya kaboni. Mapatano ya shamba yalihitaji nakala nne. Ukikosea jina la jirani wa upande wa kaskazini, unakosea mara nne, na jirani mwenyewe amekaa kwenye benchi anakutazama. Mitihani ya shule tuliipiga kwenye stensili, wino ukatuingia kwenye kucha, na mume wangu alikuwa akijua kipindi cha mitihani kwa kutazama chapati nilizosukuma.

Wateja wagumu si wale wenye kelele. Namkumbuka baba mmoja wa Gatete aliyetaka kumwandikia mwanawe barua. Alikaa mbele yangu karibu nusu saa, kofia mapajani, hasemi. Nilikuwa nimeshaandika tarehe na "Mwanangu mpenzi". Nikangoja. Mwishowe akasema nimwambie kwamba mbuzi wamezaa, wawili, na mmoja ana doa jeupe kama yule wa zamani. Halafu akasema basi, imetosha. Nikaitoa karatasi kwenye mashine, akaibeba kwa mikono miwili. Wiki chache baadaye nilimwona sokoni na kijana anayefanana naye, wanabishana juu ya bei ya kamba, wote wawili wamefurahi.

Kompyuta ya kwanza ilipoingia, Mzee Hamisi aliizunguka mara mbili, akauliza karatasi inatokea wapi. Alipoambiwa kwamba karatasi inatoka kwenye mashine nyingine, akasema basi hiyo ya kwanza haina kazi, akarudi kwenye kiti chake. Aliendelea na mashine yake ya kuchapa mpaka alipofariki, na wazee wengi wa Minago hawakukubali karatasi zao ziandikwe na nyingine. Mimi niliipenda kompyuta tangu siku ya kwanza, ingawa mbele yake nilinyamaza.

Kilichonifikisha kwenye Linux ni flashi za wateja. Mnazijua. Mwanafunzi analeta kazi yake ya shule, unachomeka, na pamoja na kazi ya shule inaingia mdudu anayegeuza kila faili kuwa mshale mdogo usiofungua kitu. Tulisafisha Jumatatu, Jumatano wamerudi. Mara mbili kompyuta ya sekretaria ilisafishwa yote, kila kilichokuwamo kikaenda. Baada ya mara ya pili nilianza desturi yangu ya Jumamosi: nakopi nyaraka za wateja kwenye flashi, naenda nazo nyumbani, naziweka kwenye kompyuta yangu. Hiyo ya nyumbani ilikuwa kopo la zamani nililonunua ofisi moja ilipofungwa, lenye diski mbili, ndogo na kubwa. Ilikuwa ikipumua kwa sauti. Mume wangu aliiita mgonjwa wetu.

Ni wewe Evariste uliyenieleza Linux. Ulikuja kufanya kazi kwetu kwenye mashine ya fotokopi, na ukitoka Bujumbura hurudi bila kitu kipya mfukoni. Ulisema kuna mifumo ambayo wadudu wa flashi hawaiwezi, inagawiwa bure, na iko ya namna nyingi, kila moja na jina lake na wapenzi wake. Nilikuuliza kwa nini watu waliokubaliana kugawa bure wasikubaliane kugawa kitu kimoja. Ukanipa flashi.

Ya kwanza ilikuwa Ubuntu. Niliianza Jumapili baada ya misa, umeme ukakatika nilipofika katikati, na mgonjwa wetu akabaki na skrini nyeusi yenye mstari mmoja unaopepesa. Niliirudia umeme uliporudi, ikaingia vizuri. Ilikuwa nzuri, na kubwa, na kopo langu lilikuwa zee. Nikifungua ukurasa wa kuandika, nilikuwa na nafasi ya kwenda kupindua mihogo iliyoanikwa uani na kurudi. Kosa halikuwa la Ubuntu. Ukimvalisha bibi koti la askari, usimlaumu mshonaji.

Ya pili uliniletea Puppy, ambayo haikutaka hata kukaa kwenye diski. Iliishi kwenye flashi yake, ikifunguka kabla sijavuta kiti. Niliipenda wiki mbili, mpaka nilipotaka kuchapisha na ikawa haimjui printa wangu. Yawezekana kulikuwa na njia ya kuwatambulisha. Sikuijua.

Ya tatu ilikuwa Mint, na hiyo ilikaa zaidi ya mwaka. Ndiyo niliyoizoea, na ndiyo niliyoitumia kufanya jambo ambalo mpaka leo naona lilikuwa sahihi: niliifungia diski kubwa kwa neno la siri. Mle mlikuwa na mambo ya watu. Nani kamuuzia nani, nani kakana mtoto, nani anaomba kazi bila bosi wake kujua. Mfumo wenyewe ulikaa kwenye diski ndogo, nyaraka za watu kwenye diski kubwa yenye kufuli, na nakala za kwenye flashi ya Jumamosi na za kompyuta ya sekretaria nikawa nazifuta kila nikimaliza. Neno la siri lilikuwa Magara, likifuatwa na tarakimu nne. Naliandika hapa kwa kuwa nimeshalibadilisha, msijisumbue.

Mngeniuliza kwa nini sikutulia hapo, ningesema ni tamaa. Mtu akishajua kwamba unaweza kubadilisha mfumo wote wa kompyuta Jumapili moja, bila kumwomba mtu ruhusa, anaanza kuiangalia Jumapili kwa jicho jingine. Wewe Evariste ukaniambia kwamba wataalamu wanapenda Debian, ukanichapishia maelezo yake kurasa sita, yote kwa Kiingereza. Jumapili iliyofuata nikaiweka kwenye diski ndogo. Ili maswali ya skrini yafanane na karatasi yako, nilichagua Kiingereza, na kila palipoulizwa kitu nisichokielewa nikabonyeza kukubali. Iliniuliza jina, nikaandika judith. Ikaniuliza neno la siri la kuingilia, nikaliandika. Jioni ile ilikuwa inafanya kazi, nyepesi, bila hata kupumua kwa sauti. Nilimwita mume wangu aje aone. Alisema mgonjwa amepona.

Jumatatu asubuhi, Mama Furaha wa Minago akabisha hodi nyumbani kwangu.

Lazima niwaambie yeye ni nani. Mama Furaha ni mjane. Mumewe alikuwa amenunua shamba la michikichi huko juu ya barabara, zamani, wakati miti ilikuwa bado miche. Alipofariki, shemeji yake alidai kwamba shamba halikununuliwa, lilikuwa la baba yao, kwa hiyo ni lake yeye mwanaume aliyebaki. Mapatano ya kuuziana yalikuwa hayaonekani. Aliyebaki kushuhudia ni jirani mmoja, Mzee Barnabe, na miaka minne kabla ya Jumatatu hiyo walimleta kwangu sekretaria pamoja na mkuu wa mlima wao, ambaye kwingine angeitwa mkuu wa kijiji. Kwa desturi yetu shahidi husema bila wenye shauri kumsikia, kwa hiyo shemeji na Mama Furaha walisimama nje, kila mmoja upande wake wa mlango. Mzee Barnabe alisema kwa Kirundi, mimi nikachapa. Akaweka kidole gumba, mkuu wa mlima akaweka saini na muhuri, nami nikapiga picha karatasi nzima kwenye skana, kama nilivyozoea. Shauri likalala miaka. Kisha shemeji akaliamsha, Mzee Barnabe akiwa ameshazikwa.

Na karatasi? Mama Furaha aliitunza ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Ziwa lilipopanda na kuingia katika nyumba za ufukweni, liliingia na kwake. Alipofungua sanduku, alikuta uji.

Aliingia kwangu akiwa na viatu mkononi, kwa sababu ya matope. Tulisalimiana kwa amahoro, nikampa kiti. Alisema mahakama inakaa Alhamisi. Mkuu wa mlima alikuwa bado hai na ameahidi kutambua saini yake na muhuri wake, lakini atambue kwenye nini? "Mama Judith, walinipa mupaka Alhamisi. Ile karatasi ikikosa, banachukua shamba. Mimi nitaenda wapi na batoto?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, karatasi yake ninayo. Nilisema hivyo, na nilikuwa natabasamu. Nikafungua diski kubwa, kompyuta ikaniuliza neno la siri, vidole vikapita, ikaniambia neno si sahihi.

Mara ya kwanza nilifikiri nimeteleza. Mara ya pili niliandika polepole. Mara ya tano Mama Furaha aliacha kutazama skrini, akawa ananitazama mimi. Nilimwambia kwamba kompyuta mpya huchelewa kuzoea, arudi Jumatano. Huo ulikuwa uongo, na nadhani alijua, lakini alishukuru, akavaa viatu vyake mlangoni, akaenda kutafuta baiskeli ya kumrudisha.

Nilikupigia simu Evariste. Ulikuwa umekwama Bujumbura kwa kukosa mafuta, magari yamepanga foleni. Ulinisikiliza, kisha ukasema, na sitakusingizia, "Maman, ukiona inakataa hivyo, diski ilishaharibika wakati wa kuweka. Fanya formati tu, usijichokeshe." Kufanya formati maana yake ni kufuta kila kitu na kuanza upya. Ulisema kwa upole, kama unavyosema kila kitu. Nilikata simu nikasema mambo ambayo padri hakuyasikia.

Sikufuta. Nilichukua daftari nikaandika kila neno nililojaribu, kwa herufi kubwa na ndogo, na mwaka wa kuzaliwa wa kila mtoto wangu, na mwaka wa harusi, na tarehe nilizokuwa nimezisahau mpaka siku hiyo. Jumatatu nzima na Jumanne nzima. Kurasa tatu za daftari. Kwenye skrini nikiandika, hazionekani herufi, zinaonekana nukta tu, nyeusi, zimepangana. Nikatazama nukta zile mpaka zikaanza kuogelea.

Hapo ndipo woga ulipoingia. Mama yangu katika miaka yake ya mwisho aliniita kwa majina ya dada zake. Alianza hivyohivyo, kwa kitu kidogo na uhakika mkubwa. Nilikuwa na uhakika kwamba neno ni Magara. Ningeapa. Na kadiri nilivyokuwa na uhakika ndivyo nilivyoogopa kwamba si kompyuta iliyosahau, ni mimi. Mume wangu alisema nile. Nilikula nikiwa nahesabu vidole vyangu chini ya meza. Kama nilikuwa nimepoteza neno moja, basi nilikuwa nimempotezea mwanamke shamba lake kwa sababu ya kucheza na kompyuta Jumapili. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona kazini, hata siku nilipochapa jina la marehemu kwenye mwaliko wa harusi.

Jumatano asubuhi Mama Furaha alirudi. Safari hii nilimweleza ukweli wote: kwamba karatasi imo ndani, kwamba mimi ndiye niliyeifungia, na kwamba kufuli haitaki kunifungulia. Sikumsingizia mfumo. Aliweka mikono juu ya pochi yake. Hakulia wala hakunilaumu, na ningefurahi kama angenilaumu. Kisha aliniomba kitu kimoja. "Basi uniandikie karatasi ya kusema ilikuwako na imepotea. Uweke saini yako. Nisiende mikono mitupu."

Karatasi ya kusema imepotea. Katika miaka yangu yote nilikuwa nimewaandikia watu mamia ya karatasi hizo, za vitambulisho, za vyeti, za pikipiki. Sikuwahi kuandika moja inayosema kwamba aliyepoteza ni mimi. Niliitunga kwanza kwa kalamu, kwa Kifaransa, maana kosa likiandikwa Kifaransa linaonekana kama limevaa tai. Nikaweka rasimu kushoto kwangu. Nikafungua ukurasa wa kuandika kwenye Debian, kwa mara ya kwanza tangu niiweke. Nikanyoosha mgongo, macho kwenye rasimu, mikono ikaenda.

Nilichapa aya nzima. Jina langu, miaka yangu kazini, kwamba nathibitisha kuwa ushuhuda wa marehemu Barnabe uliandikwa na mimi mbele ya mkuu wa mlima. Nilichapa kwa kasi kwa sababu nilitaka yaishe. Kisha Mama Furaha, asiyejua kusoma, ambaye alikuwa ametazama skrini muda wote kwa kuwa hakuwa na kingine cha kutazama, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Judith, hii machini inaandika alama mingi."

Nikainua macho. Mistari minne, na haikuwa lugha yoyote. Jina langu lilikuwa zima, lakini palipofaa kuwa na a palikuwa na q. Palipofaa kuwa na m palikuwa na nukta na mkato. Penye é palikuwa na tarakimu mbili. Neno la Kifaransa la kuthibitisha, atteste, limekuwa qtteste.

Kibodi zetu hapa ni za Kifaransa, zile zile Mzee Hamisi alizozifunika kwa kitenge: a iko juu kushoto, m iko mwisho wa mstari wa kati. Waingereza wamezipanga vingine. Na mimi, Jumapili, kwa kupenda maswali yafanane na karatasi zako sita, Evariste, nilikuwa nimechagua Kiingereza, na kompyuta ikachukulia kwamba hata kibodi ni ya Kiingereza. Jina langu halikuniambia kitu, kwa sababu judith haina a wala m, herufi zake zote zinakaa mahali pamoja kwa Mfaransa na kwa Mwingereza. Kwingine kote nilikuwa naandika nukta.

Kwenye ukurasa ule ule, chini ya aya ile chafu, nikaandika Magara kama vidole vyangu vinavyoiandika. Ikatoka :qgqrq, maana penye M kubwa yetu kwao ni nukta mbili. Hicho ndicho nilichokuwa naipa diski siku tatu. Na hata tarakimu nne zilitoka alama, kwa sababu kwetu tarakimu zinataka kitufe cha kupandisha, kwao hazikitaki. Diski haikuharibika, Evariste. Ilikuwa inatimiza kazi yake, inamkatalia mtu asiyeijua Magara.

Sikucheka. Nililia, na Mama Furaha akashtuka, akafikiri hali imezidi kuwa mbaya, akanishika bega. Sikuweza kumweleza haraka. Nililia kwa sababu ya karatasi yake, na nililia kwa sababu kichwa changu kilikuwa kizima. Yote mawili yalinijia pamoja, na sikuona aibu.

Kubadilisha kibodi kuwa ya Kifaransa kulichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Nikafungua diski. Safari hii nilitazama vidole, kimoja kimoja, mara ya kwanza tangu kitenge. Kufuli ikakubali. Miaka yote ikajitokeza katika mafaili ya njano, na Mzee Barnabe alikuwa humo, kidole gumba, saini na muhuri, wino wa bluu umepauka kidogo.

Ningekuwa mtu wa maana ningechapisha pale pale. Lakini Mama Furaha alikuwa amesogea karibu na skrini, ananyoosha kidole kwenye alama ya kidole cha mzee. Akauliza, "Hapa alisema nini? Mimi sikusikia. Nilikuwa inje."

Ni kweli. Alikuwa nje ya mlango, kama desturi ilivyotaka. Na mimi niliyeichapa sikumbuki nilichochapa. Ukiandika bila kutazama, maneno hupita mikononi hayakai. Kwa hiyo nilisoma, na nilikuwa nasikia kwa mara ya kwanza kama yeye. Ninawageuzia hapa kutoka Kirundi. Mzee alianza na mipaka, mto, njia ya ng'ombe, kisima. Akataja aliyeuza na aliyenunua, na nani alikuwapo. Mkuu wa mlima bila shaka alitaka aishie hapo. Hakuishia. Alisema: "Na mke wake nilimwona. Alikuwa ameolewa karibuni, ana mimba. Mume alikwenda kuvua, yeye akapanda miche yote peke yake, kwa jembe lenye mpini uliovunjika. Alileta maji kutoka ziwani kwa kichwa, kila asubuhi, mpaka mvua ilipokuja. Mimi nilikuwa ng'ambo ya njia. Sikumsaidia, nilikuwa na kazi zangu, lakini nilimwona."

Mama Furaha alishika ukingo wa meza. Baadaye kidogo akasema, si kwangu, "Kumbe kuna mutu aliniona."

Nilichapisha nakala nne. Alhamisi mkuu wa mlima aliitambua saini yake, na baada ya wiki kadhaa mahakama ilisema shamba ni la mjane. Lakini hayo yalikuja baadaye, na Jumatano ile hakuna aliyeyajua. Jumatano ile kurasa zilipotoka kwenye printa zikiwa na joto, nilizikunja nikampa, nikadhani atakimbilia baiskeli. Hakuondoka. Alizifungua tena, akanirudishia ile ya juu, akaniomba nisome tena pale mzee anaposema juu ya maji. Nikasoma.